Mashirika ya Dini na Kodi ya Taifa: Fikra Kutoka Lupiro

Msafiri atokaye Ifakara kwenda Mahenge sharti avuke mto Kilombero. Kwa miaka mingi alivuka kwa pantoni. Katika masika, maji yanapotanda bondeni na mashamba ya mpunga kugeuka ziwa, kuvuka kulikuwa ni jambo la bahati na subira. Mwezi Januari 2016 pantoni ilizama mtoni ikiwa na watu na mali zao. Mwaka 2018 daraja lenye urefu wa mita 384 lilifunguliwa mahali hapo, likapewa jina la Rais John Pombe Magufuli. Daraja hilo lilijengwa kwa fedha za Serikali, yaani kwa kodi ya wananchi.

Lupiro iko kusini ya mto huo, mwendo wa kilomita kama 30 kutoka Ifakara, mahali njia ya Malinyi inapoachana na njia ya Mahenge. Mama mjamzito wa Lupiro ambaye uchungu wake umekuwa mzito usiku wa manane sasa anaweza kuvuka mto bila kumngojea nahodha, akafika katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoko Ifakara. Hospitali hiyo haikuanzishwa kwa kodi. Ilianzishwa na wamisionari, mapadri Wakapuchini na masista kutoka Uswisi, kwa sadaka za waumini wao na kwa jasho la wenyeji wa bonde.

Basi mama huyo akirudi nyumbani na mtoto mgongoni, ameokolewa na vitu viwili: daraja la kodi na hospitali ya sadaka. Kimoja kisingemfaa bila ya kingine. Hapo ndipo lizukapo swali ambalo insha hii inakusudia kulipima. Je, mwenye hospitali anapaswa kuchangia daraja? Au, kwa maneno mapana, je, ni haki mashirika ya dini yatozwe kodi kama raia wengine, au ni haki yasamehewe?

Swali hili si la wahasibu peke yao. Ni swali la maadili, kwa kuwa linahusu jinsi watu wanaoishi pamoja wanavyogawana mzigo.

Kodi katika kumbukumbu za watu

Kwa wazee wa Ulanga na Kilombero, neno kodi halikuingia masikioni kwa wema. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na kwa nyumba ya kijijini kiwango chake kilikuwa rupia 3. Rupia hazikuota shambani. Mtu aliyelima mpunga na mtama kwa ajili ya jamaa yake alilazimika kuuza mazao, au kuuza nguvu zake, ili apate sarafu ya kumpa mtawala ambaye hakumchagua na ambaye hakumpa hesabu. Kodi hiyo, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa na kazi za shuruti, ni miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji. Mwezi Agosti 1905 Wabunga waliwashambulia askari waliokuwa Ifakara, na mwisho wa mwezi huo wapiganaji wakalikabili boma la Mahenge.

Yafaa tukumbuke kuwa misheni nazo zilifika katika zama hizo hizo. Wabenedikti walianzisha misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902. Vita vilipowaka, wengi wa waliopigana hawakuona sababu ya kumtenga mtoza kodi na mhubiri. Wote wawili walikuwa wageni, wote wawili walikuja kwa njia moja. Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa mwezi Agosti 1905 walipokuwa safarini kusini. Kwa hiyo, historia yetu haikuanza na kanisa lililokaa mbali na dola. Ilianza na mashaka kwamba kanisa na dola ni kitu kimoja.

Baada ya Wajerumani walikuja Waingereza na kodi yao ya kichwa. Hata baada ya Uhuru, mwananchi wa kijijini aliendelea kuijua kodi kwa sura ya mtu anayekuja kudai. Kodi ya maendeleo iliwafuata watu wazima hadi ilipofutwa mwaka 2003. Ushuru wa mazao ulimngoja mkulima kizuizini na magunia yake. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikaamuru kwamba anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja asitozwe. Mwezi Desemba 2018 vikatoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Kwa maneno mengine, hata muuza vitumbua na muuza dagaa wa sokoni aliandikwa katika daftari la wanaochangia taifa.

Mwanafunzi na ayatazame mambo haya kwa makini. Tunapouliza kama kanisa au msikiti ulipe kodi, tunauliza mbele ya muuza vitumbua ambaye amekwisha kulipa.

Hoja za wanaotetea msamaha

Wanaosema kwamba mashirika ya dini yasitozwe kodi wana hoja nzito, wala si uungwana kuzidharau.

Hoja ya kwanza ni ya uhuru. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inaiweka kazi ya kuendesha jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mwenye uwezo wa kutoza kodi ana uwezo wa kufunga. Serikali ikiruhusiwa kuhesabu sarafu zilizomo katika kapu la sadaka, kesho itataka kujua ni nani aliyezitia, na keshokutwa itakuwa na fimbo ya kumnyamazisha mhubiri aliyeikemea. Hofu hii si ya kubuni. Dola nyingi duniani zimewahi kuitumia kodi kama kamba ya kuwafunga midomo wale wasiowapenda.

Hoja ya pili ni kwamba sadaka imekwisha kutozwa. Mkulima wa Lupiro akiuza mpunga, ushuru umekwisha kupita. Mwalimu akipata mshahara, kodi imekwisha kukatwa. Kile kidogo kinachobaki, wakikitoa msikitini au kanisani, ni kile ambacho taifa limekwisha kuchukua fungu lake.

Hoja ya tatu ni ya huduma. Mashirika ya dini yamefanya kazi ambazo ni wajibu wa Serikali. Hospitali ya Ifakara ilikuwa ikiwatibu watu wa bonde zima kabla taifa halijazaliwa. Katika miaka ya 1970 Serikali yenyewe ilikubali jambo hilo ilipoifanya kuwa Hospitali Teule ya Wilaya, maana yake ni kwamba mahali ambapo Serikali haikuwa na hospitali yake ya wilaya, hospitali ya kanisa ilishika nafasi hiyo nayo Serikali ikaisaidia. Sasa, watetezi huuliza, kuna maana gani kumtoza kodi mtu anayekufanyia kazi yako?

Hoja ya nne ni ya kale mno. Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba Yusufu alipoinunua ardhi yote ya Misri kwa ajili ya Farao, ardhi ya makuhani hakuigusa. Katika kitabu cha Ezra, mfalme wa Uajemi aliwakataza watu wake wasiwatoze kodi watumishi wa hekalu. Msamaha huu, basi, si jambo la jana.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga nao wana la kusema. Husema kwanza kwamba kodi isiyolipwa haipotei hewani. Barabara haijengwi kwa msamaha. Ikiwa bajeti inahitaji shilingi mia, na mmoja akasamehewa shilingi kumi, basi shilingi kumi hizo zitatolewa na wengine, au zitakosekana katika zahanati ya kijiji kingine. Msamaha wa kodi, kwa hiyo, ni zawadi inayotolewa na wananchi wote, pamoja na wale wasiosali katika nyumba hiyo. Mwislamu wa Lupiro huichangia parokia bila kuulizwa. Mkristo huuchangia msikiti bila kuulizwa. Na yule anayewakumbuka mizimu wa babu zake kwa desturi za kwao huwachangia wote wawili, ingawa yeye hana hati ya usajili wala msamaha wowote.

Husema pili kwamba msamaha huongeza tofauti iliyokwisha kuwapo. Anayeingiza magari kumi husamehewa kodi ya magari kumi. Asiye na uwezo wa kuingiza hata baiskeli hasamehewi kitu. Kwa sababu za kihistoria, misheni za Kikristo ziliachiwa nafasi kubwa ya kujenga shule na hospitali wakati wa ukoloni, nao Waislamu wakabaki nyuma katika majengo ya namna hiyo. Mwaka 1992 Serikali ilipotia sahihi mkataba wa maelewano na makanisa juu ya huduma za jamii, Waislamu wengi walinung'unika kwamba mwenye nacho anaongezewa. Manung'uniko hayo yasipuuzwe hata na asiyekubaliana nayo. Taifa lisilokuwa na dini, ambalo watu wake wana dini zao, haliwezi kudumu kwa amani endapo kundi moja litaamini kwamba mizani imeinamishwa.

Husema tatu kwamba dini zenyewe hazifundishi kukwepa. Injili ya Mathayo inasimulia jinsi Yesu alivyoulizwa habari ya kodi ya hekalu. Alieleza kwamba wana wa nyumba ni huru, hawadaiwi. Hata hivyo alimtuma Petro baharini akavue samaki, ili kodi ilipwe na watu wasikwazwe. Aliyekuwa na haki ya kusamehewa alichagua kulipa. Katika Uislamu, zaka ni nguzo, na Kurani imeyataja makundi manane ya wanaostahili kupewa. Mafundisho hayo yana maana kubwa kwa swali letu: katika mali ya mtu imo haki ya wengine, na anayeikusanya haki hiyo hana ruhusa ya kuifanya apendavyo.

Mashine mbili za kukoboa

Pande hizi mbili huonekana kama zinagongana. Naona kwamba sababu kubwa ya kugongana ni kuwa tunaliuliza swali kwa jina la mwenye mali badala ya kuliuliza kwa kazi ya mali. Tuchukue mfano wa kubuni.

Tuseme kijijini Lupiro zimo mashine mbili za kukoboa mpunga, zikitazamana barabarani. Moja ni ya kijana aliyeuza ng'ombe wa urithi akakopa na kiasi kingine. Ya pili ni ya shirika la dini, lolote lile. Kijana hulipa kodi na leseni, jumla tuseme shilingi 300,000 kwa mwaka. Shirika halilipi kitu, na mashine yake iliingia nchini bila ushuru. Wakati wa mavuno, shirika linapunguza bei ya kukoboa kwa sababu linaweza. Wateja wanavuka barabara. Baada ya misimu miwili kijana anafunga mashine, anauza vyuma, anakwenda mjini kutafuta kibarua. Msimu wa tatu, shirika likiwa limebaki peke yake, bei inapanda.

Je, hapo dini imetendewa haki? Au jina la dini limetumika kama fimbo ya kumpigia mnyonge? Mashine ya kukoboa haijui sala. Mpunga ulioingia ndani yake hutoka mchele ule ule. Mahali ambapo shirika la dini limeingia sokoni, likauza na kununua kwa faida, limevua kanzu na kuvaa shuka la mfanyabiashara, na halina budi kubeba mzigo wa mfanyabiashara.

Lakini tuugeuze mfano. Tuseme faida yote ya mashine ile hununua dawa za zahanati ambayo huwatibu watoto wa malaria, bila kuuliza dini zao, katika bonde ambalo mbu wake wanajulikana na wataalamu wa dunia nzima kwa kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara imewachunguza hapo Lupiro kwa miaka mingi. Hapo mizani inabadilika. Shilingi ambayo ingepelekwa hazina ili irudi kama dawa imekwisha kuwa dawa. Ni haki shilingi hiyo ihesabiwe kuwa imelipwa.

Hata hivyo, sharti ihesabiwe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilipotungwa ilifuata njia inayokaribiana na hiyo. Haikutoa nafuu kwa sababu ya jina la dini. Ilitazama kama chombo kinafanya kazi ya kuwaondolea watu umaskini, kuendeleza elimu, au kuwapatia wananchi huduma kama afya, maji na barabara. Na chombo chenyewe hakina budi kukubaliwa na Kamishna. Aidha, mwalimu wa shule ya misheni na muuguzi wa hospitali ya kanisa hukatwa kodi katika mishahara yao sawa na wenzao wa Serikali. Kwa hiyo kusema kwamba dini hazilipi kodi kabisa ni kukosea, kama vile ilivyo kosa kusema kwamba hazisamehewi chochote.

Dunia nayo haina jibu moja. Huko Ujerumani, Serikali huyakusanyia makanisa mchango wa waumini waliosajiliwa, asilimia 8 au 9 ya kodi yao ya mapato. Huko Marekani, Mahakama ya juu kabisa iliamua mwaka 1970 kwamba kuziacha nyumba za ibada bila kodi ya majengo hakuvunji katiba. Lakini biashara isiyohusiana na kazi ya dini hutozwa. Visiwani Zanzibar, mali iliyowekwa wakfu, iwe nyumba au shamba la minazi, husimamiwa chini ya Kamisheni ya Wakfu, kwa kuwa aliyeifunga mali hiyo kwa ajili ya Mungu alikusudia iwafikie walengwa na si imnenepeshe msimamizi. Kila nchi imekata njia yake. Nasi tukate yetu, kwa kuangalia hali zetu.

Funzo la mwaka 2009

Taifa letu limewahi kulijaribu jambo hili hadharani. Katika bajeti ya mwaka 2009/2010, Waziri wa Fedha Mustafa Mkulo alipendekeza kuondoa misamaha ya kodi iliyokuwa ikitolewa kwa mashirika ya dini na mashirika yasiyo ya kiserikali, isipokuwa kwa vitu vinavyohusu ibada yenyewe. Serikali ilieleza kwamba misamaha ilikuwa ikitumiwa vibaya. Viongozi wa dini walipinga kwa nguvu, wakasema kwamba watakaoumia ni wagonjwa na wanafunzi. Haukupita muda mrefu Serikali ikaliondoa pendekezo lake.

Wako waliosema Serikali imeshindwa, na wako waliosema dini zimeshinda. Mimi naona kwamba wote wawili walipoteza nafasi ya kufikiri pamoja. Pendekezo lenyewe lilikuwa na kasoro ya msingi. Liliviacha bila kodi vyombo vya ibada, likataka kuvitoza kodi vitu vya huduma. Mtu wa Lupiro angelishangaa. Kinara cha madhabahu na zulia la msikiti huwafaa wale wanaosali humo. Mashine ya kupiga picha za mifupa humfaa kila aliyevunjika mguu, awe ni Mpogoro, Mndamba au Msukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe wake, na awe anaabudu wapi. Kama kuna kitu kinachostahili msamaha wa taifa zima, ni kile kinacholihudumia taifa zima.

Kwa upande wa pili, ushindi wa viongozi wa dini uliacha swali likining'inia. Ikiwa ni kweli kwamba wako waliotumia jina la dini kuingiza magari ya biashara, nani alipaswa kuwafichua? Naona kwamba wa kwanza angekuwa shirika lenyewe. Mwizi anayejificha katika nyumba yako hukuharibia jina wewe kabla hajamharibia jirani. Kelele zilizopigwa kutetea msamaha zingelikuwa na uzito mara mbili kama zingefuatana na daftari lililo wazi.

Hesabu mbele ya umma

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Naamini kwamba hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Swali la kulipa au kutolipa ni dogo kuliko swali la kutoa hesabu.

Anayelipa kodi hutoa hesabu kwa njia ya malipo. Anayesamehewa kodi amepewa zawadi na watu asiowajua, na kwa hiyo anapaswa kuwatolea hesabu kwa njia nyingine: nimesamehewa kiasi hiki, nimekitumia kwa kazi hii, imewafikia watu hawa. Hesabu hiyo isiishie katika meza ya askofu, ya shehe au ya baraza la wazee. Ibandikwe mahali ambapo mwanakijiji anaweza kuisoma, kama vile halmashauri ya kijiji inavyotakiwa kuusomea mkutano mapato na matumizi yake.

Atatokea mtu aseme, Serikali yenyewe imewahi kuzitumia vibaya fedha za umma. Kwa nini mikono safi iikabidhi mikono michafu? Hoja hii huvutia masikio, lakini ikifuatwa hadi mwisho wake itamruhusu kila mtu, hata muuza dagaa, akatae kulipa mpaka watawala wawe malaika. Hapo hapatakuwa na daraja. Dawa ya hazina inayovuja ni wananchi wengi wanaouliza, wala si wachangiaji wachache. Na nani atauliza kwa sauti kubwa zaidi kuliko viongozi wa dini, ambao husikilizwa kila Ijumaa na kila Jumapili? Lakini mwenye kuficha daftari lake hana mdomo wa kudai daftari la mwenziwe. Mhubiri anayekemea ubadhirifu serikalini huku hesabu za shirika lake zimefungiwa kabatini anajitwanga mguu kwa mchi wake mwenyewe.

Juu ya hofu ya uhuru, nayo ina jibu. Sadaka isiguswe. Nyumba ya ibada isitozwe kodi ya kuwapo kwake. Mahali mtu anapopiga magoti au kusujudu, mtoza kodi asiingie. Mpaka huo ukiwekwa wazi na kuheshimiwa, Serikali haitakuwa na fimbo ya kumpigia mhubiri. Lakini nje ya mpaka huo, kwenye duka, nyumba ya wageni, lori la mizigo na mashine ya kukoboa, pawe na sheria moja kwa wote. Kati ya hizo mbili, kwenye zahanati na shule, nafuu itolewe kwa kadiri huduma inavyomfikia asiye na uwezo. Shule ya dini inayotoza karo ambayo mkulima wa mpunga hawezi kuiota hata ndotoni imekaribia zaidi duka kuliko zahanati, ingawa juu ya paa lake mna msalaba au mwezi.

Najua mpango huu una gharama. Zipo hospitali za dini ambazo huishi kwa faida ya kitega uchumi kidogo, na kodi ikiongezeka, bei ya kumwona daktari itaongezeka. Anayeandika sheria jijini haoni uso wa mama anayehesabu noti mbele ya dirisha la kulipia. Kwa hiyo mipaka hii isikatwe kwa shoka. Ipimwe, huduma kwa huduma, na pale ambapo Serikali inajua kwamba haina hospitali ya kuweka badala, ijue pia kwamba msamaha huo si hisani yake kwa kanisa. Ni malipo kwa kazi iliyofanywa.

Mgeni na jembe lake

Methali yetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu misheni ya Kwiro ianzishwe imepita zaidi ya karne moja, nao Uislamu ulifika katika pwani yetu karne nyingi kabla ya hapo. Dini hizi si wageni tena. Mapadri, mashehe na wachungaji wa leo ni watoto wa hapa hapa, waliozaliwa kwa mama za hapa na kulishwa wali wa bonde hili. Siku ya tatu imekwisha kupita.

Ni kweli kwamba wengi wao walikwisha kulishika jembe bila kuambiwa. Hospitali ya Ifakara ni jembe. Madrasa iliyomfunza mtoto kusoma kabla shule haijajengwa ni jembe. Mwenye jembe shambani haulizwi kwa nini hakuleta na shoka. Lakini atembeaye na mpini mtupu begani, akidai kwamba amekuwa akilima, hana budi kuonyesha shamba lake.

Mwalimu atakayewasomesha vijana insha hii asiwaulize tu kama mashirika ya dini yalipe kodi. Awatume watazame kijiji chao. Wahesabu nyumba za ibada, maduka, mashine, zahanati na shule za mashirika hayo, kisha kwa kila kimoja waulize maswali matatu: hiki kinamfaa nani, kinamgharimu nani, na nani anaonyeshwa hesabu yake? Watakaporudi darasani na majibu, huenda wasikubaliane. Lakini watakuwa wamejifunza kuitazama kodi kwa jicho ambalo babu zao wa mwaka 1905 hawakupewa nafasi ya kulitumia: si kama rupia inayonyang'anywa na mgeni, bali kama nguzo ya daraja ambalo kila mmoja wao, siku moja usiku, atalihitaji alivuke.